Nairobi Hadi New York: Kilomita Ni Zilezile, Saa Si Zilezile

"Kutoka hapa mpaka Marekani ni saa ngapi?" Swali hili halikosi mtu wa kuliuliza Eastlands, iwe ni Kayole, Umoja, Donholm au Eastleigh, kwa sababu ni nadra kupata ploti isiyo na mtu aliye majuu au anayejiandaa kwenda. Majibu huwa matatu. Wa kwanza ameiona tikiti ya binamu yake, naye anajibu saa saba: ndege inaondoka usiku, inafika alfajiri. Wa pili anasema saa kumi na tano. Wa tatu, ambaye amesafiri mwenyewe kwa kupitia Doha au Istanbul, anasema ni siku nzima na zaidi, na hataki kubishiwa.

Kila mmoja ana sababu ya kusema anavyosema, na tofauti ya majibu yao inastahili kuchambuliwa, maana watu hupanga pesa, ruhusa za kazi na hata mazishi kwa kutegemea hesabu hiyo. Umbali kati ya viwanja viwili vya ndege haubadiliki. Kinachobadilika ni saa, na ninavyoona mimi sehemu kubwa ya saa hizo huamuliwa ardhini: kwenye ofisi, kwenye mikataba, kwenye foleni na barabarani.

Tuanze na umbali wenyewe. Kutoka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta (JKIA), pale Embakasi, hadi ule wa John F. Kennedy mjini New York ni takriban kilomita 11,840. London Heathrow iko kilomita 6,840 kutoka Embakasi, Guangzhou wanakonunua bidhaa wafanyabiashara wetu ni 8,680, Dubai 3,560, Riyadh 3,100, na Mombasa 420 hivi. Tarakimu hizi hupatikana kwa kukokotoa latitudo na longitudo za viwanja viwili, kisha kutafuta njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia iliyo mviringo.

Hapo ndipo ramani ya ukutani, ile tuliyosomea darasani, inapotupoteza. Ukiweka rula kutoka Nairobi hadi New York kwenye ramani bapa, katikati ya mstari utaangukia karibu na pwani ya Mauritania. Chukua tufe la dunia na uzi, uvute uzi ukaze kati ya miji hiyo miwili, uone unavyopanda kaskazini-magharibi: Uganda, Sudan Kusini, Jamhuri ya Afrika ya Kati, Chad, Niger, Algeria. Nusu ya safari inaangukia Morocco, si mbali na Marrakech. Mzazi wa Kayole anayemfuatilia mwanawe kwenye simu, kwa zile programu zinazoonyesha ndege zilipo, hushtuka akiona ndege ya Amerika inapita juu ya jangwa la Sahara. Haijapotea njia.

Sasa saa. Shirika la Kenya Airways lilipoanza safari ya moja kwa moja kwenda New York tarehe 28 Oktoba 2018, ratiba ilionyesha ndege inaondoka Nairobi saa tano na dakika 25 usiku na kutua saa kumi na mbili na dakika 25 asubuhi. Anayezisoma saa hizo mbili bila kujali tofauti ya majira atahesabu saba. Lakini New York iko nyuma yetu kwa saa nane wakati wa baridi na saba wakati wa kiangazi chao. Saa kumi na mbili na dakika 25 asubuhi kule, kwa majira ya baridi, ni saa nane na dakika 25 mchana hapa. Hesabu ya kweli ni saa 15. Safari ya kurudi ilitangazwa kuwa saa 14.

Gawanya kilomita 11,840 kwa saa 15, upate kama kilomita 790 kwa saa. Ndege aina ya Boeing 787 ikishatulia juu hukaribia kilomita 900 kwa saa. Mwendo uliobaki umeliwa na nini? Kwanza, saa za tikiti huanza kuhesabiwa ndege inapoachia maegesho, wala si inapopaa, na huisha inaposimama mlangoni kule inakokwenda. Kujiburura hadi kwenye njia ya kurukia, kungoja zamu, kupanda na kushuka, yote yamo. Ndiyo maana tikiti ya Mombasa husema karibu saa nzima kwa kilomita 420 tu: ndege haijamaliza kupanda vizuri, rubani anaanza kuishusha. Pili, ndege haifuati ule uzi wa kwenye tufe. Inafuata njia za anga zilizopangwa na inakwepa dhoruba.

Tatu ni upepo, na hapa watu wa pwani hawahitaji kufundishwa sana. Majahazi ya Oman yalikuwa yakingoja kaskazi ili yaje na kusi ili yarudi, na nahodha aliyekosa msimu alikaa bandarini miezi. Juu angani, katika nusu ya kaskazini ya dunia, upepo mkali huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki kwenye kimo kilekile zinakoruka ndege kubwa. Anayekwenda New York anakutana nao uso kwa uso, anayerudi anasukumwa mgongoni. Ile saa moja ya tofauti kati ya kwenda na kurudi inatokana hasa na hilo. Kuna maelezo mengine maarufu kwenye matatu na vibandani kwamba dunia huzunguka chini ya ndege na kuileta New York karibu au kuipeleka mbali. Si kweli. Hewa huzunguka pamoja na dunia, na ndege imo ndani ya hewa hiyo. Kinachotofautisha kwenda na kurudi ni mwendo wa hewa kupita ule wa dunia, yaani upepo.

Kuna jambo jingine ambalo Nairobi inalo na miji mingi mikubwa haina. Embakasi iko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Kwa kimo hicho hewa ni nyepesi kwa asilimia 15 hivi kuliko ile ya ufukweni, na hewa nyepesi humaanisha mabawa yanabeba kidogo na injini zinasukuma kidogo. Ndiyo maana uwanja wetu una njia ya kurukia yenye urefu wa zaidi ya kilomita nne. Hata hivyo ndege inayokwenda mbali, ikiwa na mafuta ya kutosha bara zima na bahari, haiwezi kubeba kutoka Nairobi uzito wote ambao ingebeba kutoka uwanja wa Moi ulio Mombasa, karibu na usawa wa bahari. Kwa safari ya New York shirika lilitaja tani 85 za mafuta kila upande, marubani wanne na wahudumu 12. Usiku hewa ya Nairobi hupoa na kuwa nzito kidogo, na hilo huisaidia ndege iliyojaa mafuta kupaa.

Mkazi wa Utawala anaweza kuyaona haya yote kwa macho yake bila kitabu. Upepo wa Nairobi huvuma zaidi kutoka mashariki, na ndege hupaa zikiukabili upepo, kwa hiyo siku nyingi huelekea Utawala, Mihang'o na Ruai kabla ya kupinda. Simama kwenye roshani jioni. Ndege ya Mombasa au Kisumu hupita ikiwa imeshapanda juu, sauti yake fupi. Ile ya safari ndefu inakuja chini, polepole, mataa yote yakiwaka, madirisha ya nyumba yakitetemeka, na mtoto anaweza kusoma maandishi ubavuni mwake. Ukimuuliza mtoto huyo inakwenda wapi atakutajia mji, na mara nyingi atakuwa amepata.

Nimesema saa nyingi huamuliwa ardhini. Ushahidi mkubwa ni huu. Kenya Airways ilipokea ndege yake ya kwanza ya Boeing 787 mwezi Aprili 2014. Ndege yenye uwezo wa kuvuka hadi New York ilikuwepo Embakasi tangu mwaka huo, lakini abiria aliendelea kubadilisha ndege Ulaya au Ghuba kwa zaidi ya miaka minne. Kilichokosekana kilikuwa kibali. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani ilitaka kwanza kuridhika na usimamizi wa anga wa Kenya, na kiwango hicho kilipatikana mwezi Februari 2017. Uwanja wenyewe nao ulihitaji kufanyiwa marekebisho ya usalama, ikiwamo kuwatenganisha abiria wanaofika na wanaoondoka. Kilomita hazikupungua hata moja. Ni karatasi zilizotiwa saini.

Ukirudi nyuma zaidi, hadithi ni hiyohiyo ya mashine na maamuzi. Mwaka 1932 shirika la Imperial Airways lilipofungua njia ya kutoka London hadi Cape Town kupitia Nairobi, safari nzima ilichukua siku kama kumi, abiria wakilala hotelini kila usiku. Mwezi Februari 1952 binti mfalme Elizabeth alitua Eastleigh baada ya kuruka usiku kucha kutoka London na kuteremka Libya kuongeza mafuta. Eastleigh ndio uliokuwa uwanja mkuu wa jiji wakati huo, na leo ni kambi ya Jeshi la Anga iliyozungukwa na maduka na magorofa. Mwezi Mei mwaka huohuo ndege ya kwanza ya jeti ya abiria duniani, Comet, ilianza safari ya London hadi Johannesburg. Katika Afrika Mashariki ilitua Entebbe. Nairobi haikuwa miongoni mwa vituo vyake.

Uwanja wa Embakasi ulifunguliwa mwaka 1958. Ulijengwa kwa mikono ya nani, kila mwenyeji wa Eastlands anapaswa kujua: mikono ya wafungwa na watu waliozuiliwa wakati wa Hali ya Hatari, wengi wao kwa tuhuma za Mau Mau, waliochimba na kubeba mawe chini ya ulinzi wa bunduki. Uwanja uliotufungulia dunia ulijengwa na watu waliofungiwa. Sijaona mahali abiria anapopita pale ndani anapoelezwa hilo kwa ukamilifu unaostahili, na ni deni.

Mwaka mmoja baadaye, Septemba 1959, wanafunzi 81 waliondoka Nairobi kwa ndege iliyokodishwa kwenda kusoma Marekani. Aliyepanga mpango huo alikuwa Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi aliyeishi mtaa wa Ziwani, Eastlands, na ambaye baadaye alikuwa mbunge wa eneo ambalo leo ni Kamukunji hadi alipouawa Julai 1969. Pesa zilichangwa na Wamarekani, miongoni mwao Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier, na mwaka uliofuata wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Wangari Maathai alikuwa miongoni mwa walioondoka mwaka 1960. Ndege ya 1959 ilitua New York kwenye uwanja ulioitwa Idlewild. Idlewild ndio JFK ya leo, ulibadilishwa jina Desemba 1963 baada ya Rais Kennedy kuuawa, na Embakasi ukapewa jina la Mzee Kenyatta baada ya kifo chake 1978. Viwanja ni vilevile viwili. Hakuna ndege ya abiria ya 1959 iliyoweza kumaliza kilomita 11,840 bila kutua, lakini naamini ugumu mkubwa wa vijana wale haukuwa hapo. Serikali ya kikoloni haikupenda safari hiyo. Wazazi waliuza mifugo, vijiji vilichanga, ndipo kijana akafika uwanjani. Safari yao ilichukua miezi mingi, na siku za angani zilikuwa chache kuliko zote.

Anga nayo ina milango, na milango hufungwa. Vita vilipozuka Sudan tarehe 15 Aprili 2023, anga ya nchi hiyo ilifungwa, na njia fupi ya Nairobi hadi London inapita juu ya Sudan. Ndege zikalazimika kuzunguka, na kila mzunguko ni dakika na mafuta. Mwezi Agosti mwaka huohuo watawala wa kijeshi wa Niger nao wakafunga anga yao hadi mwanzoni mwa Septemba. Rudi kwenye uzi wetu wa New York: Niger imo.

Lakini mfano ulioumiza Eastleigh zaidi uko karibu na nyumbani. Kutoka Mogadishu hadi Nairobi ni kilomita kama 1,000, safari ya saa moja na nusu. Kwa miaka mingi serikali ya Kenya ilizitaka ndege zinazotoka Mogadishu zitue kwanza Wajir, abiria na mizigo wakaguliwe, kisha ziendelee. Utaratibu huo uliondolewa, ukarejeshwa Mei 2019, na baadaye ukajadiliwa tena kati ya serikali mbili. Sababu ya usalama haikuwa ya kupuuza. Hata hivyo aliyekuwa na mgonjwa wa kumleta hospitalini Nairobi, au mfanyabiashara aliyetoka asubuhi akitarajia kufungua duka adhuhuri, alijikuta akipanga mstari kwenye joto la Wajir huku ndege yake ikimngoja palepale.

Siku nyingine ni uwanja wenyewe unaosimama. Tarehe 7 Agosti 2013 moto uliteketeza ukumbi wa abiria wa kimataifa wanaowasili. Tarehe 11 Septemba 2024 wafanyakazi wa uwanja waligoma kupinga mpango wa kuikabidhi kampuni ya Adani ya India uendeshaji wa JKIA, na abiria wakakaa nje kwa saa nyingi na masanduku yao. Tena JKIA ina njia moja tu ya kurukia. Ndege moja ikikwama pale katikati, zinazokuja hupelekwa Mombasa, Entebbe au Kilimanjaro, na abiria aliyekuwa ameshaiona Nairobi dirishani analala nchi nyingine.

Sasa yule mtu wa tatu, wa siku nzima na zaidi. Wengi wa wasafiri wa Eastlands ni yeye, kwa sababu tikiti ya kuunganisha mara nyingi ndiyo nafuu, na kwa sababu miji wanakokwenda haina ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi. Anayekwenda Minneapolis, ambako Wasomali wengi wenye ndugu Eastleigh wanaishi, ana kilomita 13,100 za mstari mfupi na lazima abadilishe ndege. Anayekwenda New York kupitia Dubai anaanza kwa kuruka kaskazini-mashariki, kuipa mgongo Amerika, na kwa jumla anaongeza kama kilomita 2,700. Hizo ni kama saa tatu za angani. Kungoja kwenye viti vya Dubai au Doha ndiko kunakoweza kuongeza nane, kumi au kumi na mbili.

Kisha ongeza upande wa nyumbani. Pipeline, Tassia na Fedha ziko karibu na uwanja kiasi kwamba mkazi wake anaisikia ndege ikiwasha injini. Lakini abiria wa kimataifa huambiwa afike saa tatu kabla. Anayetoka Kayole au Dandora jioni ana Outering Road mbele yake, na jam ya Outering haina ratiba. Barabara ya juu ya Nairobi Expressway, iliyofunguliwa 2022, ina kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, na imewafupishia sana safari wanaotoka Westlands na katikati ya jiji. Wa Kayole haimpitii. Kwa hiyo jirani wa uwanja anaweza kutumia muda mrefu kuliko anayekaa upande wa pili wa mji.

Angalia familia inayomsindikiza binti anayekwenda kufanya kazi za nyumbani Riyadh. Sanduku limepimwa kwa mizani ya muuza nyama kuhakikisha halizidi kilo 23, likatolewa unga na sabuni, likapimwa tena. Maombi yamefanywa sebuleni. Probox ya jirani imebeba watu saba. Kwenye kizuizi cha kuingilia uwanjani abiria wanashuka, wanapita kwenye ukaguzi kwa miguu, gari linawakuta mbele. Bahasha ya ajenti, pasipoti, kandarasi, vyote viko kifuani mwa binti. Ndege yake itachukua saa nne hivi hadi Riyadh. Ukiuliza familia hiyo safari ilianza lini, watakutajia foleni za pasipoti Nyayo House, vipimo vya hospitali, mafunzo, na miezi ya kungoja simu. Anayetaka Marekani atakutajia Gigiri, kwenye ubalozi, na tarehe ya mahojiano iliyosogezwa.

Kwa hiyo nani kati ya wale watatu yuko sahihi? Wa saa saba amekosea, amesoma saa za majira mawili kana kwamba ni moja. Wa saa 15 yuko sahihi kwa ndege moja, mlango wa ndege hadi mlango wa ndege. Wa siku nzima na zaidi ndiye anayesema kweli kuhusu safari ya watu wa mitaa hii, na hesabu yake ndiyo ningemshauri mtu apangie.

Ombi langu ni kwa mawakala wanaouza tikiti River Road, Eastleigh na Umoja. Mteja akija, msimwandikie saa ya kuondoka na ya kufika pekee. Mwandikieni kwa kalamu jumla ya saa za angani, jumla ya saa za kungoja, na saa ya Nairobi atakayokuwa amefika. Nawe msafiri, wasipokuandikia, uliza kabla hujalipa.